Mishono Saba

Mwewe alikuwa na hasira hadi muuguzi akaogopa kumpima presha.

"Mtoe nje," alisema, kidole kimemwelekea mama yake mzazi. "Afande, mtoe nje yeye na hiyo karatasi yake."

"Mwanangu, karatasi si yangu."

"Nani kaileta hapa? Imeingia yenyewe kwa miguu?"

Inspekta alisimama mlangoni mwa wodi akasubiri wamalize. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya kukwaruza, na mkononi alibeba mfuko mkubwa wa plastiki wenye begi jeusi ndani. Kitandani, mguu wa kulia wa Mwewe ulikuwa umening'inizwa kwa kamba, na nyonga imefungwa kwa bandeji nene. Leo ilikuwa Alhamisi. Alikuwa amelala hivyo tangu Jumapili, alipodondoka kutoka angani.

Siku sita za wiki Mwewe alikuwa fundi cherehani katika kiwanda cha mahema. Siku ya saba alikwenda kwenye uwanja mdogo wa ndege nje ya mji, akapanda ndege, mlango ukafunguliwa, akaruka na parachuti. Alikuwa amefanya hivyo mara mia moja na kumi na mbili. Mara ya mia na kumi na tatu alivuta kishikio na kishikio kikagoma. Alivuta tena kwa mikono miwili huku ardhi ikimjia, mwisho akafungua parachuti ya akiba akiwa chini mno, karibu na miti, akatua kwenye ukingo wa zege.

"Nipe niisome hiyo karatasi," alisema Inspekta.

Mama mtu akampa haraka, kama mtu anayekabidhi kaa la moto. Ilitoka kiwandani. Ilisema kwamba mimi niliyetia saini hapa chini nakiri ajali ilitokana na uzembe wangu mwenyewe. Akitia saini kabla ya saa kumi jioni leo, kiwanda kitaendelea kugharamia matibabu. Asipotia, barua ya kumfukuza kazi iko tayari, na kitanda atajua mwenyewe.

"Mwambie asaini yaishe, afande," mama alisema, machozi yanamlenga. "Miaka mitatu sijala chakula cha Jumapili kikashuka. Mungu kamrudisha hai, bado anataka kushindana na wenye kiwanda!"

"Nikisaini nimesema nilijishonea kaburi mwenyewe!"

Hapo ndipo palipokuwa na kesi. Kishikio kile hukaa ndani ya mfuko mdogo chini ya begi. Ukikivuta kinatoka na kiparachuti kidogo, upepo unakikamata, nacho kinaiburuta ile kubwa. Mwalimu wa kuruka alipolikagua begi baada ya ajali, aliukuta mdomo wa mfuko ule umeshonwa kwa ndani. Mishono saba, uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi, hauonekani mpaka uingize kidole. Uzi ulitoka kiwanda cha mahema. Mkuu wa kituo aliposikia hivyo alipiga miayo. "Binti ni fundi," alimwambia Inspekta. "Alikuwa anarekebisha vitu vyake, kashona pasipo pake, kasahau. Mwisho saa kumi leo, nataka faili mezani limefungwa."

"Ulishona wewe?" Inspekta aliuliza.

"Afande, wewe unaweza kujifunga pingu halafu ukasahau?"

Inspekta karibu acheke. Akaweka mfuko wa plastiki juu ya shuka na kuugeuza begi lionekane. "Litazame vizuri. Kuna kitu kimebadilika?"

Mwewe akainua kichwa kwa shida. "Hilo baka la nini?"

Juu ya mdomo wa mfuko mdogo palikuwa na sehemu iliyopauka, upana wa kiganja, kama nguo nyeusi iliyomwagikiwa na kitu.

"Begi langu ni jeusi tii. Ijumaa mchana nililifunga juu ya meza ya kukatia, kila mtu anaangalia. Halikuwa na baka."

"Kwa nini linakaa kiwandani?"

"Muulize huyu. Nililiweka nyumbani akalitupa jalalani." Mama akaangalia dirishani. "Nikawa naliacha kwenye kabati langu kazini. Kabati halina kufuli, Bosi hataki tufunge vitu. Jumapili alfajiri nikapita, mlinzi akanifungulia ukumbi, nikachukua, nikakimbilia ndege. Nilikuwa nimechelewa."

"Nani pale anakuchukia?"

"Ungeuliza nani hanichukii ungemaliza mapema." Akalamba midomo iliyokauka. "Na kabatini kulikuwa na karatasi yetu. Ya kuomba Jumapili iwe siku ya mapumziko, kisheria, kwa wote. Saini thelathini na nane. Nilikuwa niipeleke ofisi ya kazi Jumatatu. Ukifika itazame kama ipo."

Haikuwepo. Inspekta alipofika kiwandani saa nane mchana alianzia kwenye kabati lile, akakuta kandambili, kopo la mafuta ya cherehani na picha ya Mwewe akiwa angani, mikono imetandazwa, mashavu yamejaa upepo. Mtu alikuwa ameichorea pembe kwa kalamu.

Sauti ya funguo ilimfikia kabla ya mwenyewe. Mwenye kiwanda alikuwa mwanamume mrefu aliyevaa shati jeupe, na kiunoni alining'iniza kitita cha funguo kama shada. Wafanyakazi walimwita Bosi usoni, Funguo mgongoni.

"Afande, karibu. Tuongelee ofisini, hapa kelele."

Kelele zilikuwepo kweli. Cherehani zote zilinguruma kwa pamoja, turubai za kijani zikiteremka mezani. Ofisi ilikuwa juu kidogo, yenye dirisha la kioo la kuwatazamia watu wote. Ndani kulikuwa na meza, kiti kimoja tu, na kabati la chuma lenye kufuli kubwa kuliko ya geti.

"Mimi nina watu arobaini," Funguo alianza bila kuulizwa. "Thelathini na tisa wakipata nafasi wanalala. Mmoja anajitupa kutoka kwenye ndege. Sasa hapo unachunguza nini?"

"Ulimkataza?"

"Nimemkataza kwa mdomo, nimemkataza kwa maandishi, nimemkataza mbele ya watu. Kule juu ya hema, pale vipande vinane vinapokutana, ni yeye pekee anayejua kupashona pasivuje. Nina oda ya mahema mia mbili. Jumapili hii nilimtaka kazini."

"Akasema nini?"

Funguo akazichezea funguo zake. "Alisema Jumapili ni yake."

"Basi?"

"Basi. Kayataka mwenyewe. Mtu mzima, mwanamke, anaruka ruka angani kama karatasi, halafu wenzake wanamshangilia! Nidhamu imekwisha hapa ndani. Kila Jumatatu wanasimulia, hawashoni. Ndiyo maana nikaamua, Jumatatu mstari wake wote wa cherehani unabaki saa moja zaidi."

"Kwa kosa lake yeye?"

"Ili wamwambie wenyewe. Wamemwambia?" Akacheka kidogo. "Unaona."

Inspekta alikuwa ameegemea kabati la chuma. Kulikuwa na harufu pale, kali, inayochoma puani, harufu ambayo leo hii ilikuwa imempita mahali fulani. Akaligonga kabati. "Unafuga simba humu?"

"Dawa ya kufutia chaki za ukaguzi. Walikuwa wananiibia. Sasa ufunguo ni mmoja." Akautenga kidoleni, mfupi, wa shaba. "Haujawahi kutoka kiunoni kwangu. Hata mke wangu haujui ni upi."

"Shida yangu si mkeo," Inspekta alisema, akatoka.

Wa kwanza kumhoji alikuwa jirani wa cherehani ya Mwewe, mwanamume mwembamba aliyeitwa Redio kwa sababu hakuna aliyepata kujua swichi yake iko wapi. Alianza kujitetea Inspekta hata hajavuta kigoda.

"Nilimtania tu! Wote walinisikia, sikufichi. Ijumaa nilimwambia, 'Jumapili hii utatua kama gunia la viazi.' Ni utani! Kwani hapa nani hakumtania? Wengine walikuwa wanampungia mkono wa buriani kila Jumamosi."

"Ulimtania au ulimwombea?"

Redio akafura. "Afande, nikwambie ukweli? Nilikuwa na hasira naye. Kila Jumatatu nabaki saa nzima kwa ajili ya raha yake. Mwanangu anakaa kwenye geti la shule mpaka mwalimu anamtukana. Nani wa kulaumiwa, mimi?"

"Nakuuliza wewe."

"Jumapili nikapewa nishone mimi hivyo vilele vya hema. Vyote vimerudi! Nikapigwa eksi kuanzia asubuhi hadi jioni kama mtoto wa darasa la kwanza!"

Inspekta akampa sindano na kipande cha turubai. "Nishonee mishono saba ya mkono."

Redio alishona kwa mkono wa kulia, akajidunga mara mbili, akatukana mara tatu. Mishono yake ilikuwa kama meno ya mtoto wa miaka sita, moja huku, jingine kule. Inspekta akaiweka kando ya begi. Ile ya begini ilijipanga kama askari wa gwaride, yote imelalia upande mmoja, upande wa mtu anayeshona kwa kushoto, na mwisho wa uzi umefungwa mara mbili na kukatwa mshazari.

"Umenusurika," alisema. "Kwa ubovu wa kazi."

"Alhamdu... asante, afande." Redio akapangusa kidole chake chenye damu, na hasira ikampungua, akainama. "Lakini Bosi hakukwambia yote, sivyo? Alikwambia Mwewe alisema nini?"

"Jumapili ni yake."

"Ha! Bosi alisimama pale katikati, Alhamisi iliyopita, mashine zote zimezimwa. Akasema, 'Ukiruka tena, usirudi.' Mwewe hakuinua hata sauti. Akasema, 'Bosi, mimi nikiwa kule juu dunia nzima naiona ndogo. Wewe hata sikuoni.' Lo! Afande, tulicheka! Nilicheka mpaka nikasahau kama nimemkasirikia. Hata Mama Chaki alicheka, na yule hajacheka tangu nianze kazi. Bosi alibaki pale anahesabu funguo zake. Tangu saa ile ndiyo watu wakaanza kuitia saini ile karatasi. Kabla yake ilikuwa na saini tano, sita hivi. Mimi mwenyewe nikasaini."

Meza ya mbele yao binti mmoja alikuwa amerudishiwa turubai. Katikati yake palikuwa na eksi ya njano, pana, nono. Akatemea mate kidole, akasugua na kusugua huku akilaani kimoyomoyo.

"Unajisumbua bure, dada," Redio akampigia kelele. "Hiyo inatoka kwa mate?" Akamgeukia Inspekta. "Zamani ilikuwa chaki ya kawaida. Kazi ikipigwa eksi, unaifuta kwa kiwiko, unaipitisha. Bosi akagundua. Akaleta hii ya nta, hata ufue wiki nzima haibanduki. Mpaka urudie kazi, ikaguliwe upya, halafu Jumamosi yeye mwenyewe anapita na kichupa chake anafuta."

Inspekta aliinuka. Alitoka hadi kwenye gari, akaufungua mfuko wa plastiki, akatia pua yake karibu na lile baka. Wodini palinuka dawa tupu, ndiyo maana hakuisikia harufu ile ya kabati la Funguo. Hapa ilimpanda mpaka kwenye macho.

Akarudi ndani na begi kwapani, akaenda moja kwa moja kwenye meza ya ukaguzi.

Mkaguzi alikuwa bibi mnene wa miaka sitini, miwani imefungwa kwa kamba ya viatu. Miaka ishirini na sita kila hema lililotoka pale lilipita mikononi mwake. Wote walimwita Mama Chaki. Alikuwa anapapasa mshono bila kuutazama, kidole kikasimama, mkono wa kushoto ukachukua chaki ya njano, ukapiga eksi. Gumba lake lilikuwa la njano mpaka kwenye kucha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakuinua macho.

Inspekta aliweka begi mezani.

Mikono ya yule bibi ikafanya kazi yake ya miaka ishirini na sita. Ililigeuza begi, ikalinyoosha, na gumba la njano likaingia moja kwa moja kwenye mdomo wa mfuko mdogo, juu ya mishono saba. Hapo likasimama.

"Begi hili lina mifuko mitano," Inspekta alisema taratibu. "Umejuaje ni huo?"

Cherehani zilinguruma. Mama Chaki akavua miwani.

"Mzima?" aliuliza.

"Nyonga imevunjika. Mguu, daktari hajui."

"Nilitia eksi," Mama Chaki akasema.

"Nini?"

"Nilitia eksi!" Alipiga meza kwa kiganja, na mafundi wa karibu wakageuka. "Kubwa hivi! Hapa, juu ya mdomo! Kitu chenye eksi yangu hakitoki getini, haijapata kutokea! Wewe unadhani mimi ni muuaji? Yule mtoto nimemfundisha mimi kushika mkasi!"

"Punguza sauti, unieleze."

"Sipunguzi!" Lakini akapunguza. Jumamosi mchana, alisema, Bosi alimwita. Akamwambia, hakikisha haruki kesho, utajua mwenyewe utafanyaje, akiruka nakuondoa wewe badala yake, umezeeka. Akakaa nalo hilo mpaka kengele ya kutoka. Wengine walipokuwa wanapanga foleni getini, alilitoa begi kabatini, akashona. Alijua Mwewe akiliona lina eksi ataingiza kidole, atakuta mishono, atatukana, itambidi afumue mmoja mmoja bila kuchana kitambaa. Ndege itamwacha. Basi atakuja kazini na mdomo wake, atamtukana yeye, na Jumatatu wataongea.

"Na mimi pia nilikuwa na hasira naye," alisema. "Sikufichi. Kila Jumapili nakaa na simu mkononi kama mjane. Nilimwambia, mwanangu, acha. Anacheka tu. Nikasema leo utakasirika wewe."

"Begi limepaukia hapa."

Mama Chaki akavaa miwani, akalitazama baka. Akalinusa. Inspekta akaona rangi inamtoka usoni, kisha akaona inarudi, nyekundu.

"Mwana wa..." alisema, akaanza kuinuka.

"Kaa."

"Nikae vipi!"

"Kaa, mama. Nani alibaki baada yenu Jumamosi?"

"Nani hufunga hapa? Nani?"

Simu ya Inspekta ikaita. Alikuwa mama yake Mwewe, ananong'ona. "Afande, amechoka. Maumivu yamemzidi. Ameomba kalamu."

Inspekta akatazama saa ya ukutani. Saa tisa na dakika thelathini na tano. "Mwambie anipe dakika ishirini. Ficha kalamu, mama."

"Niifiche? Mimi ndiye niliyemnunulia!"

"Basi ikalie!"

Akaenda kwenye swichi kubwa ya ukutani, akaishusha. Cherehani zote zikafa kwa pamoja. Ukimya ule ulikuwa mzito hata funguo za Funguo zikasikika zikishuka ngazi mbio.

"Nani amezima mashine zangu?"

"Mimi. Njoo, usiogope. Ni jaribio dogo tu." Inspekta alilitandaza begi jeusi juu ya meza ya kukatia, watu wakasogea. "Mama Chaki, nipigie eksi hapa, pembeni ya hili baka."

Mkono wa kushoto wa bibi ulipiga, na eksi ilitoka nono, njano, kama jua.

"Nani anaweza kuifuta? Yeyote."

Walitazamana. Yule binti akatema mate, akasugua. Redio akaleta maji na sabuni ya kipande, akasugua mpaka povu likachuruzika sakafuni. Mtu akaleta mafuta ya cherehani. Eksi ikabaki inawaangalia.

"Afande, tunapoteza muda," Funguo alisema. "Kila mtu anajua haitoki."

"Haitoki kwa nini?"

"Kwa sababu dawa yake ninayo..." Akasita.

"Malizia. Umenisimulia kule ofisini vizuri sana. Ufunguo mmoja, haujawahi kutoka kiunoni, hata mkeo haujui." Inspekta akaweka kidole juu ya baka. "Hapa palikuwa na eksi Jumamosi jioni. Jumapili asubuhi haikuwepo. Nusa."

"Sinusi kitu mimi!"

"Redio, nusa wewe."

Redio akainama, akainuka haraka. Kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuwa na neno. Akamtazama Bosi wake tu.

"Ufunguo," Inspekta alisema.

"Una kibali?"

"Nina mafundi wako wote wanaoangalia jasho lako. Kibali kinakuja na gari ninaloliita sasa hivi, na mpaka lifike hakuna atakayeligusa kabati lile, hata wewe. Au unifungulie uonyeshe kwamba ni chupa tu."

Mkono wa Funguo ulikwenda kiunoni, ukaufunika ule ufunguo mfupi wa shaba, na watu wote wakaona ni upi. Wakamfuata wote hadi ofisini, wakajaa kwenye ngazi. Alifungua mwenyewe, kwa kishindo, kama mtu anayetaka kuwakomesha. "Haya! Chupa! Mmeziona?"

Chupa zilikuwepo, nne. Chini yake kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Inspekta akavaa glovu, akaikunjua. Saini thelathini na nane, na ya juu kabisa, ya kwanza, ilikuwa ya mkono wa kushoto, ya Mama Chaki.

"Hii ilikuwa kwenye kabati la Mwewe," alisema. "Pamoja na begi."

"Ni takataka! Wananiandikia barua ndani ya kiwanda changu!"

"Kwa hiyo ulifungua kabati. Ukaiona karatasi. Ukaiona eksi."

"Nilifuta chaki!" Sauti yake ilipasuka. "Chaki yangu, kwa dawa yangu, ndani ya kiwanda changu! Tangu lini kufuta chaki ni kosa? Sindano sikushika mimi! Yule mwanamke alinicheka mbele ya watu wangu! Eti hanioni! Nikasema haya, basi na yeye asione!"

Inspekta aliongea kwa upole kiasi kwamba waliokuwa ngazini walilazimika kushika pumzi.

"Eksi ya Mama Chaki maana yake nini hapa?"

Funguo akausukuma mlango wa kabati ujifunge.

"Nimeuliza maana yake nini."

"Usitumie," alisema yule binti kutoka ngazini. Redio akasema, "Usitumie." Kisha wengine, wanaume kwa wanawake, kila mmoja kwa sauti yake, mpaka ile ofisi ya kioo ikavuma.

Pingu ziliingia kwenye mikono ya Funguo kwa shida, maana bado alikuwa amezishikilia funguo zake. Mama Chaki alishuka ngazi peke yake, akasimama chini, akanyoosha mikono yake yote miwili bila kuambiwa. Inspekta hakuwa na pingu za pili.

"Utanifuata kwenye gari," alimwambia.

"Nakufuata."

Saa kumi kasoro dakika tatu Inspekta alipiga simu wodini.

"Usisaini."

"Kalamu ilikuwa imekaliwa," Mwewe alisema, anahema. "Nani?"

Inspekta akamwambia. Upande wa pili yalipita magurudumu ya kitanda cha mtu mwingine.

"Mama Chaki?"

"Alitia eksi. Kubwa. Ikafutwa."

"Mwambie ningeiona." Sauti ikakatika, ikarudi ngumu. "Halafu mwambie asije kuniona."

Mama Chaki alikuwa kiti cha nyuma cha gari, mlango wazi, miguu nje. Inspekta alimpa maneno yote mawili, bila kuyapunguza. Bibi akatikisa kichwa polepole, akaendelea kulisugua gumba lake kwenye gauni, na njano haikutoka.

Redio alikuja mbio kutoka ndani, nyuma yake watu wengi. "Afande! Ile karatasi ya Jumapili. Tunaweza kuipeleka ofisi ya kazi leo? Bado hawajafunga."

"Ile ni ushahidi. Andikeni nyingine."

"Karatasi zote ziko ofisini, na ofisi umeifunga wewe."

Inspekta alimtazama, akaitazama turubai ya kijani iliyotandazwa mlangoni. Redio akafuata macho yake. Akarudi ndani, akatoka na boksi la chaki za njano. Yule binti akapiga magoti, akaandika ombi lao kwa herufi kubwa za kuonekana barabarani, kisha akatia saini yake chini. Wakajipanga.

"Na wakitaka kutufutia?" Redio aliuliza, chaki mkononi.

Inspekta akafunga buti la gari, na chupa nne zikagongana ndani.

"Dawa ninayo mimi."